Bustani ya Meise, butiki yake, na majina ya miti yetu



Tangu nirudi kutoka staji, watu wa promo yetu wananiuliza swali moja tu: "Yaya, kule bustani ya Meise kuko nini ya kweli?" Wengine wanauliza juu wanataka kujua kama inafaa kupoteza siku nzima na pesa ya bisi. Wengine wanauliza jibu likiwa tayari mdomoni: "Si ni bintu byetu tu baliiba, bakaweka ndani ya vioo?" Nitajibu wote wawili, na najua sitawafurahisha wote wawili.

Basi, inafaa kwenda. Kama uko Ubelgiji kwa masomo, usirudi nyumbani bila kuiona, hata kama wewe si mtu wa agronomia. Bustani iko kaskazini ya Bruxelles, na ukubwa wake ni hekta 92. Zamani ilikuwa katikati ya mji, mahali ambapo leo wanaita Botanique na vijana wanaenda kusikiliza konseri. Mwaka 1938 serikali ya Ubelgiji ilinunua shamba la Bouchout pale Meise, na mimea ikahamishwa kidogo kidogo. Ndani ya shamba kuna kasri lililozungukwa na maji. Ndimo alimoishi Charlotte, dada wa Léopold II, mjane wa yule Maximilien waliyempiga risasi Mexico mwaka 1867. Alikaa mule tangu 1879 mpaka kufa kwake 1927, akili ikiwa imemchanganyikia. Niliona wageni wanapiga picha za kasri kuliko za miti. Sawa, kila mtu na macho yake.

Jambo kubwa ni nyumba za vioo, zile wanaita Palais des Plantes. Zimefunika karibu hekta 1. Nje kulikuwa baridi ya kukata masikio. Ukifungua mlango wa pili, miwani inajaa mvuke na pua inapokea harufu ya udongo uliolowa. Nilisimama pale nikiwa kipofu kwa dakika nzima, nikisikia joto la Kisangani saa nane ya mchana. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa anamwambia mjukuu wake asiguse majani. Miwani ilipokauka nikaanza kusoma etiketi.

Hapa ndipo ukosoaji wangu unaanza, na siuelekezi kwa Meise peke yake. Etiketi ya bustani ya mimea, iwe London, iwe Meise, iwe Kisantu kwetu kule Kongo Central, inasema mambo matatu: jina la Kilatini, familia, na nchi au bara la asili. "Afrika ya kitropiki." Ni kazi safi, wala sisemi waiache. Lakini inaupa mmea cheti cha kuzaliwa bila kutaja safari yake. Unaupita mmea wa kahawa, unasoma jina, unaendelea. Kumbe ule mmea una habari ambayo kila mhitimu wa Kongo angepaswa kuijua kwa moyo.

Mwishoni mwa karne ya 19, kahawa ya arabika ya kisiwa cha Java iliharibiwa na kutu ya majani. Waholandi walitafuta kahawa nyingine. Wakati huo Émile Laurent, mwalimu wa agronomia wa Gembloux, alikuwa anakusanya mimea kwetu, na katika vitu alivyovipata upande wa Sankuru kulikuwa kahawa ya msituni. Mwaka 1900 mtaalamu wa Bruxelles, Émile De Wildeman, aliipa jina Coffea laurentii, kumheshimu Laurent. Lakini kampuni moja ya kuuza miche pale pale Bruxelles, L'Horticole Coloniale ya Linden, ikaitafutia jina la sokoni: robusta, yaani yenye nguvu. Miche ikapanda meli kwenda Java. Kutu haikuiweza. Baadaye wataalamu wakaona kwamba ni aina ile ile iliyokwisha kuitwa Coffea canephora mwaka 1897, basi jina la Laurent likaanguka. Lile la duka likabaki. Leo robusta ni karibu 40 kwa mia ya kahawa yote ya dunia, na nchi inayoilima kuliko zote ni Vietnam. Sisi? Muulize mama anayeuza kahawa asubuhi pale kwenye kituo cha toleka anaweka nini ndani ya termosi yake. Mara nyingi ni unga wa kopo.

Habari ya mti wa ngazi, ule unaotupa mawese, ni kali zaidi, na ndani yake bustani za mimea ndizo zenyewe zinatenda. Mwaka 1848, miche minne ilipandwa katika bustani ya Buitenzorg kule Java, leo inaitwa Bogor. Watoto wa ile minne walijaza mashamba ya Asia. Walikuwa na ngazi zenye ganda nene. Upande wetu, katika bustani ya Eala karibu na Mbandaka, iliyoanzishwa 1900, kulikuwa mti mmoja wenye ganda jembamba na nyama nyingi. Uliitwa Djongo. Muone vizuri: mti mmoja, na jina lake la kienyeji, umeingia katika vitabu vya sayansi. Mbegu za Djongo zilikwenda Yangambi, zingine zilikwenda Sumatra katika miaka ya 1920. Halafu mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen, waliokuwa watafiti pale Yangambi, wakaeleza siri yenyewe: ukizalisha mti wa ganda nene na ule usio na ganda, unapata ule wa ganda jembamba. Juu ya maneno hayo machache ndipo umesimama ulimi wote wa mawese duniani. Indonesia na Malaysia leo wanatoa zaidi ya 80 kwa mia. Na katika soko zetu bidoni za mafuta kutoka kwao zinauzwa. Mimi nilisoma miaka mitano ya agronomia kilometa mia moja kutoka Yangambi, na habari ya Djongo nilipewa kwa mistari miwili kwenye silabisi iliyofotokopiwa mpaka herufi zikafa.

Kwa hiyo ninapomsikia mdogo wetu anasema "baliiba", ninamwambia ngoja kwanza. Neno wizi linafaa kwa mambo mengi ya wakati ule. Mpira wa Équateur ulitoka kwa damu, hakuna haja ya kulainisha. Lakini mmea haufanani na sanamu ya mwamba unaoweza kudai irudishwe, ukaiweka mezani, ukasema kazi imekwisha. Robusta haikutoka Sankuru ikaacha tundu. Iko bado. Vietnam haikutunyima mbegu. Kilichoondoka ni kingine: nguvu ya kuujua mmea, kuuchagua, kuupa jina na kuuuza. Hiyo haiwezi kurudishwa na waziri mwenye kusaini karatasi. Inarudi, kama itarudi, kwa njia ya watu wenye kukaa miaka ishirini na mti mmoja. Na watu hao wangekuwa sisi, tuliopewa diplomu.

Sasa butiki.

Nimesoma ukosoaji mwingi wa maonyesho, na karibu wote unasimama mlangoni mwa butiki, sawa vile butiki ingekuwa choo. Mimi nafikiri butiki ndiyo chumba cha mwisho cha maonyesho, tena ndicho ambacho mgeni anakumbuka, juu anatoka na kitu mkononi. Butiki ya Meise ni ndugu ya butiki za bustani zote kubwa za aina ile. Kuna paketi za mbegu, kuna vitabu, kuna daftari, vikombe, sabuni, kadi za posta. Vitu vizuri, sikatai. Nilizunguka mule kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye miti ya jangwani (cactus, nisameheni, haziniambii kitu). Nilinunua kitabu kimoja na kadi tatu, nikahesabu euro zangu, nikaacha kikombe.

Kitu nilichokiona ni rangi nyeupe. Kwenye kadi, kwenye daftari, kwenye kikombe, mmea umechorwa peke yake katikati ya weupe. Ua, jani, tunda lililokatwa ili uone mbegu. Ni desturi ya zamani ya wachoraji wa mimea, na ina sababu yake: mtaalamu anataka kuona umbo, hataki udongo na vivuli vimsumbue. Katika kitabu cha flora ni sawa kabisa. Lakini ile picha ikitoka kwenye kitabu cha sayansi ikaingia kwenye kikombe, weupe unaanza kusema kitu kingine. Unasema mmea hauna kwao. Hakuna mkono ulioukata, hakuna kijiji nyuma, hakuna mama anayepepeta mbegu zake. Unaweza kuupenda bila kudaiwa kitu na mtu. Mgeni anarudi kwake na mmea uliosafishwa watu.

Nafikiri ndiyo maana bustani za mimea hazikupata kelele ambayo makumbusho ya Tervuren yamepata. Kule kuna sanamu, kuna picha za watu, kuna ndovu aliyejazwa. Hata mtoto anauliza: hivi vilifikaje hapa? Jani halimsukumi mtu kuuliza. Jani ni la kila mtu. Ua ni la Mungu. Kwa hiyo unalipa, unaweka kikombe kwenye mfuko, unakwenda kukamata bisi.

Nilimwambia mwenzangu mmoja wa Bukavu, ambaye tulikuwa naye pale: kama wangeweka karatasi ndogo tu ndani ya kile kikombe, yenye habari ya Sankuru, Bruxelles na Java, mimi ningelipa hata mara mbili. Akacheka. "Yaya, weye unataka kuuzia batu majuto. Hakuna mutu ananunuaka majuto." Nikamjibu kwamba si majuto. Ni habari tamu. Ina meli, ina ugonjwa, ina jina la uongo lililoshinda jina la kweli. Muuzaji gani mwenye akili anaiacha habari kama hiyo ilale?

Lakini sehemu ya Meise ambayo ni kubwa kuliko zote, mgeni wa kawaida haioni. Ni hebariamu, nyumba ya mimea iliyokaushwa. Wana karatasi karibu milioni 4, na kwa mimea ya Kongo, Rwanda na Burundi hakuna mahali pengine penye utajiri kama ule. Nilipata ruhusa ya kufanya kazi mule siku mbili. Unaletewa folda, unaifungua polepole, na tawi la mwaka 1937 liko mbele yako, limegundishwa kwenye karatasi, majani yamekuwa ya rangi ya tumbako. Chini kuna etiketi: jina, mahali, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake. "Yangambi." Ukisoma neno lile umbali ule, moyo unafanya kitu.

Niliomba limbali. Mtu wa Kisangani haelezwi limbali ni nini: ni ule mti mkubwa unaofanya msitu wake peke yake, kutoka kwetu mpaka Ituri, unatembea saa nzima na huoni mti mwingine mkubwa. Wambuti wanakula mbegu zake. Kwa Kilatini ni Gilbertiodendron dewevrei. Jina la kwanza ni la Gilbert, mtaalamu aliyefanya kazi Yangambi. La pili ni la Dewèvre, aliyekufa Léopoldville 1897. Wabelgiji wawili wamekaa juu ya mti mmoja wa Tshopo. Sheria za majina ya mimea haziruhusu kubadilisha jina kwa sababu halitupendezi, na sitapoteza nguvu yangu pale. Kitu kilichonishika ni kingine. Limbali inafika mita 40. Tawi lenye maua haliko chini. Nani alipanda kulikata? Etiketi ina jina la mkusanyaji, na mkusanyaji alikuwa chini, na daftari. Yule wa juu hayuko.

Hata vile, yuko kwa njia moja. Wataalamu wa INEAC, ile taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1933 na makao yake yakawa Yangambi, walikuwa na tabia ya kuandika jina la kienyeji pamoja na lugha yake. Unasoma: Turumbu. Ndiyo sababu hata ile Flore du Congo Belge iliyoanza kutoka 1948 imejaa majina ya Kiturumbu. Mtu aliyesimama karibu na mti alisema neno, na mzungu akaliandika kama sikio lake lilivyosikia. Kwangu mimi, lile neno ndilo saini ya yule aliyepanda.

Na hapa inabidi nitukosoe sisi. Katika memwari yangu ya kwanza niliweka safu ya majina ya miti kwa Kiturumbu, Kilokele na Kiswahili. Mwalimu mmoja, sitamtaja, alipiga mstari mwekundu juu ya safu nzima: "Si ya kisayansi." Wakoloni waliyaandika majina yale, halafu sisi wenye nchi ndio tunayafuta! Angalieni memwari zinazolala kwenye maktaba zetu: orodha za Kilatini kurasa sita, zimenakiliwa kutoka memwari ya mwaka uliopita na makosa yake yote ya tahajia, na aliyeziandika ukimpeleka msituni hawezi kukuonyesha miti mitano. Tunailaumu butiki ya Meise kwa weupe wake. Viambatisho vyetu vina weupe gani?

Tena tusiseme kwamba hatuna kwetu. Hebariamu ya Yangambi ina karatasi karibu 150.000. Ni kubwa kuliko zote za nchi yetu. Kuna mkusanyo wa mbao, kuna mashamba ya zamani ya kahawa, na tangu 2020 kuna ule mnara wa CongoFlux wa mita 55 unaopima hewa ya msitu. Meise wenyewe wamefanya kazi pale pamoja na INERA, kwenye hebariamu na kwenye mkusanyo wa robusta, na lazima tuseme asante pale asante inapofaa. Barabara ni mbaya, ndiyo. Pikipiki inakuchosha mgongo, na mtumbwi wa motere unakupeleka wakati unapotaka wenyewe. Lakini niambieni kwa ukweli, ni wangapi katika promo zetu walikwenda Yangambi mara moja tu, kwa matembezi ya lazima, wakapiga selfi mbele ya zile nyumba za matofali, wakarudi?

Wakati mmoja tulipiga mchezo wa kufikiri: kama Yangambi ingekuwa na butiki, tungeuza nini? Mmoja alisema vitenge. Mwingine, sanamu. Yaani tungeuza kile ambacho mgeni anategemea kukuta popote Afrika. Mimi ningetaka paketi ya robusta iliyolimwa na kukaangwa pale pale, na habari yake nyuma. Chupa ya mawese yenye jina Djongo. Na kitabu cha mfukoni cha miti hamsini, kila mti na majina yake matano: Kiturumbu, Kilokele, Kiswahili, Lingala, Kilatini, na picha ya ganda likiwa limekatwa kwa panga, juu hivyo ndivyo watu wanautambua. Kukata kidogo, kunusa, kutazama maji yanayotoka. Kitabu kile tunaweza kukifanya. Hakihitaji mfadhili mkubwa. Kinahitaji watu sita, daftari, na miezi ya kutembea na wazee kabla hawajaondoka.

Kwa wale wasio na visa wala tiketi: picha za karatasi nyingi za Meise ziko kwenye intaneti, bure. Mega zinakwisha haraka, najua, lakini mukikusanyika watu wanne kwenye simu moja inawezekana. Niliporudi nilikwenda Yangambi na picha chache nilizozihifadhi. Mzee mmoja, aliyefanya kazi ya kutambua miti maisha yake yote, alishika simu mbali na macho, akaomba niikuze. Nikamsomea jina la kienyeji kama lilivyoandikwa. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Aliyeandika hakusikia muzuri," akasema. "Huku hatuitaka hivyo." Akalisema mwenyewe, mara mbili, polepole, akangoja mpaka nimalize kuandika. Halafu akaniuliza: "Papa, kule waliko na hii karatasi, wanaweza kutengeneza?"

Nilimweleza namna inavyofanyika. Katika hebariamu hakuna mtu anayefuta etiketi ya zamani. Ukiwa na sahihisho, unaandika karatasi ndogo nyingine, unaweka jina lako na mwaka, inagundishwa pembeni ya ile ya kwanza, na zote mbili zinabaki. Mzee akafikiri kidogo, akaniomba kalamu, na akaandika mwenyewe jina lake lote, kwa herufi kubwa, chini ya lile neno.